Fundi Taratibu na Kopo la Kumi

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, fundi mkuu wa uchomeleaji katika kituo chetu cha utafiti wa nyuklia atarudisha funguo za karakana na kustaafu rasmi, baada ya kutumikia miaka thelathini na minne. Wengi wenu mnamwita Taratibu. Mimi namwita mwanangu, kwa sababu nilimzaa mwenyewe na nina haki hiyo.

Wahariri wa jarida hili waliniomba niandike mimi kwa kuwa yeye ukimuuliza habari zake anakujibu kwamba kazi ipo, kisha anashusha kofia yake ya kuchomelea usoni na maongezi yameisha. Halafu mimi si mgeni hapa. Nilishona ovaroli za kituo hiki kwa miaka kumi na miwili, mpaka macho yakagoma kuona tundu la sindano. Shule yangu haikufika mbali, kwa hiyo mkikuta kosa mlaumuni mjukuu wangu, ndiye aliyechapa.

Mngeniomba mwezi wa Aprili ningekataa. Wakati huo kopo la kumi lilikuwa bado ndani ya maji, na hakuna aliyejua kama mwanangu ataondoka na heshima yake au ataondoka akiacha mapipa mia nne na kumi na mawili ya kufukuliwa. Sasa tunajua, na nimelala vizuri wiki nne mfululizo. Ngoja nianzie mwanzo.

Alipoajiriwa alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba hivi kwamba ovaroli ndogo kuliko zote niliipunguza mara mbili. Kituo kilikuwa majengo mawili na uwanja wa kokoto. Kinu chenyewe cha nyuklia kilikuwa kidogo, kimezamishwa chini ya bwawa la maji ndani ya ukumbi. Siku niliyoruhusiwa kuchungulia nilitarajia moto na moshi, nikakuta maji yanang'aa rangi ya bluu, yametulia tuli. Nikamuuliza msimamizi kama hiki ndicho kinachowatoa watu jasho. Akanishika mkono akanirudisha nyuma ya mstari.

Miaka ile kila kitu kilikuwa cha kujaribu. Mwanangu alichomelea mabomba ya kupoza kinu, akachomelea na vipande vya chuma vilivyotundikwa karibu na mionzi miezi kwa miezi, ili wataalamu waone chuma kipi kinachoka na kipi kinavumilia. Kila mshono ulipigwa picha, kama tunavyopigwa picha ya kifua hospitalini. Mwaka wake wa kwanza mishono mia mbili na sita ilipigwa picha, ikarudishwa mitatu. Hiyo mitatu anaikumbuka kwa namba hadi leo. Mkono huo aliutoa wapi? Sipendi kujisifu. Aliutoa kwangu. Mtoto aliyekulia chini ya meza ya cherehani anajua kwamba nguo inapimwa kwenye mshono, hapo katikati hata asiyejua kushona anapaweza.

Kuna jambo moja ambalo lazima nilikiri kabla hajalisema mwingine. Kila anayeingia sehemu ya mionzi huvaa beji yenye filamu kifuani. Mwisho wa mwezi filamu husafishwa, na weusi wake ndio unaoonyesha mtu amepata mionzi kiasi gani. Mwezi mmoja filamu ya mwanangu ilitoka nyeusi tii. Akasimamishwa siku hiyo hiyo, akatolewa damu, karakana ikafungwa, na bwana usalama wa mionzi akapitisha kipimo chake kwenye kila bisibisi. Siku ya tatu akafika chumba cha ovaroli, akanikuta napiga pasi. Akauliza kwa adabu kabisa kama huwa napekua mifuko kwanza. Nikakiri kwamba sipekui; beji ilikuwa imesahaulika mfukoni, nikaipigia pasi. Kumbe joto la pasi nalo huiunguza filamu! Nasikia mpaka leo mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kufunga sehemu ya nyuklia kwa pasi. Kile kibao cha ANGALIA MIFUKO juu ya meza ya pasi ni kwa heshima yangu.

Sasa tuje kwenye makopo. Katika mwaka wake wa nne kituo kilitaka kujua taka za mionzi zihifadhiwe vipi zisije zikaingia kwenye maji ya watu. Wakazichanganya na saruji, wakazijaza ndani ya makopo kumi ya chuma kinene, kila moja ukubwa wa birika la chai, na mwanangu akayafunga vifuniko kwa kuchomelea. Makopo yakawekwa kwenye tangi la maji moto yenye chumvi, mahali pa kuumiza chuma makusudi. Kila baada ya miaka mitatu litolewe moja, likatwe, ipimwe kutu imeingia kiasi gani kwenye mshono. Hesabu yake ni rahisi: makopo kumi, miaka thelathini.

Tisa aliyachomelea kwa mzunguko mmoja bila kunyanyua mkono. La kumi alikuwa amefika nusu pale mlinzi wa getini alipokuja mbio akigonga kioo na kupiga kelele kwamba mke wa mwanangu amejifungua salama, mtoto wa kike. Mkono ukanyanyuka, moto ukazimika. Kopo lilikuwa na taka ndani, halingeweza kufunguliwa wala kuachwa wazi. Basi akafanya nilivyomfundisha uzi unapokatika katikati ya mshono: usianzie ulipoishia, rudi nyuma kidogo upite juu ya ule wa zamani. Akarudi nyuma upana wa vidole viwili, akamalizia, ndipo akakimbia hospitali. Mkwe wangu hajalisahau hilo. Kila sikukuu ya kuzaliwa ya binti yao, huyu anayenichapia, lazima atangaze kwamba baba mtu alichomelea kwanza akaja kumwona mtoto baadaye.

Mwanangu aliripoti mwenyewe kwamba kopo la kumi lina kiungo pale mshono ulipopandiana, na halifanani na wenzake. Mkuu wa maabara wa enzi hizo akaandika kwenye daftari: litolewe mwisho.

Makopo mawili ya kwanza yalitoka safi. Kituo kikapata moyo na kazi yenyewe ikaanza. Kwa miaka kumi na moja mwanangu na wenzake walifunga mapipa makubwa mia nne na kumi na mawili, yakashushwa kwenye ghala chini ya ardhi na kufunikwa kwa zege. La tatu likatoka safi, la nne, la tano. Lilipotoka la sita, watu wakapigana vikumbo kupeana mikono. Hapo mkemia mmoja msichana, aliyekuwa na miezi miwili tu kazini, akauliza kwa sauti ndogo: pipa zito namna ile mlilizungusha vipi bila kunyanyua mkono?

Mikono ikaachiana. Mapipa yalikuwa yakigeuzwa kwa mikono, robo kwa robo. Kila pipa lina viungo vinne. Yale makopo mazuri waliyokuwa wakiyasherehekea hayakuwa na kiungo hata kimoja. Katika tangi zima, kopo lililofanana na mapipa lilikuwa moja tu, lile alilolionea aibu.

Tangu siku hiyo ni miaka kumi na miwili. Mwanangu hakuwa mtu wa kulalamika, lakini Jumapili akija kwangu alikuwa anakula akitazama ukuta. Nikimuuliza ana nini, ananiambia, Mama, ni lile la kumi. Kutu ingezidi milimita moja kwenye kile kiungo, zege lingevunjwa na mapipa yote yangepandishwa juu, na watu wa kuyapandisha ni hao hao vijana aliowafundisha kazi. Niliwahi kumwambia wakate basi mapema wamalize ubishi. Akasema, Mama, taratibu, miaka thelathini ni miaka thelathini.

Likakatwa Jumanne moja ya mwezi Mei, wiki sita kabla ya yeye kustaafu. Kanuni ya kituo hairuhusu fundi kuwepo mshono wake ukikaguliwa, kwa hiyo alikaa kwenye benchi la korido saa tatu nzima, kofia magotini. Mama wa usafi akapita akamwamuru anyanyue miguu. Akainyanyua, akasahau kuishusha. Mama yule anasema alirudi na ndoo ya pili akamkuta bado ameining'iniza.

Aliyetoka ndani kuleta jibu ni yule yule mkemia, ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara. Alikuwa na picha mkononi. Akasema kutu haijafika hata unene wa unywele. Mwanangu akauliza, kwenye kiungo? Akajibiwa, kwenye kiungo chenyewe, Mzee Taratibu, palipopandiana pamekuwa pagumu kuliko kwingine. Akaiomba picha, akaipima kwa vidole vyake viwili, akarudisha. Kisha akaenda kunawa uso na akakawia huko.

Alinipigia simu mimi kabla ya mke wake, na mkwe wangu asinune, nasema ukweli. Akaniambia tu, Mama, halifukuliwi hata moja. Nilikaa chini palepale jikoni nikaacha maji yachemke mpaka yakauke.

Kwa niaba ya wote waliofanya naye kazi, tunamshukuru kwa mabomba ambayo hayajawahi kudondosha tone, kwa mafundi kumi na tisa aliowanoa, na kwa kuripoti kosa lake mwenyewe siku aliyolifanya. Mama mkuu wa maabara, ahsante kwa lile swali, ingawa siku niliyosikia nilikuchukia sana. Mkwe wangu, ahsante kwa uvumilivu, na pole pia, maana sasa utakuwa naye kutwa.

Nawe, mwanangu, chukua kofia yako uende nyumbani. Tunakuombea siku ndefu na afya ya kuzifaidi, ule chakula chako ukitazama sahani. Wapo watakaozaliwa juu ya ardhi ile, walime, wachimbe visima, wanywe maji yake wasiwahi kusikia habari zako hata siku moja. Hilo ndilo ulilolifanyia kazi miaka yote hii, na umelipata.