Wiki Nyeupe kwenye Shuka la Mwaka

Risala ya wakimbiaji wa chumba cha kufulia kwa Mkurugenzi wa Hospitali, siku ya kuzindua mbio za mwaka mpya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi; wakuu wa idara mlioketi meza ya mbele; wenzetu wa jikoni, wa bustani na wa stoo; mabibi na mabwana:

Makaribisho

Karibu kwetu. Tumekupokea kwa mashati tuliyoyapiga pasi wenyewe, na hapo walau hakuna idara ya kutushinda. Utuwie radhi kwa joto. Milango yote miwili tumeifungua na hewa haijaingia. Utasikia pia mngurumo katikati ya maneno yetu: hiyo ni mashine namba tatu, na hatukuweza kuizima kwa sababu chumba cha upasuaji kinasubiri mashuka.

Historia ya kikundi

Kikundi hiki kilianzishwa miaka sita iliyopita na mpiga pasi mmoja, mwanamke tunayemwita Dada Polepole. Jina hilo alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Saa kumi jioni, zamu ikiisha, tulikuwa tukitoka kuuzunguka ukuta wa hospitali kwa fujo kama watu waliofumaniwa, naye nyuma anapiga kelele: "Polepole jamani! Mnakimbilia wapi, kuna msiba?" Tulicheka, lakini kufika mzunguko wa tatu sisi tulikuwa tumeshika viuno, na yeye anatupita huku anaimba.

Ndiye aliyetufundisha kwamba mbio za mwaka mzima hazikimbiwi kwa kukurupuka. Kila Januari huchukua shuka moja lililokataliwa wodini kwa madoa, akalichora miraba hamsini na miwili, kila mraba wiki moja, akalitundika ukutani. La mwaka huu liko nyuma yako, mgeni rasmi. Kwanza huandika siku za mbio, kisha hupanga mazoezi kwa kurudi nyuma, wiki kwa wiki, mpaka afike leo. Wino mwekundu ni mbio za kufa na kupona, mbili tu kwa mwaka: nusu marathoni ya Juni na marathoni nzima ya Novemba. Wino wa bluu ni mbio ndogo za kujipima. Katikati ni mazoezi, wiki tatu za kuongeza mwendo na ya nne ya kupunguza.

Na baada ya kila mbio nyekundu kuna miraba mitupu. Hizo ni wiki nyeupe. Wiki nyeupe mtu hakimbii, hata mvua ikimkuta njiani. Fundi wetu wa mashine, mtu mzima, aliwahi kumuuliza kama huo si uvivu uliochorewa mistari. Akamjibu, "Baba, wewe mashine yako unaizima ndipo unaitia mafuta. Mimi mguu wangu nitauzima lini?" Toka siku hiyo fundi akawa mlinzi mkali wa wiki nyeupe kuliko sote. Tukaweka sheria moja: hakuna wa kuandika chochote kwenye wiki nyeupe ila kwa mikono yote kumi na mitano kuinuliwa.

Mafanikio

Kwa mpango huo, watu kumi na wawili kati yetu tumemaliza nusu marathoni. Mchambuzi wa nguo chafu, aliyeanza akiwa hawezi kupanda ngazi za wodi bila kupumzika, amemaliza marathoni nzima mara mbili. Kwa miaka mitano hakuumia mtu.

Kisha kuna kombe. Liko mezani mbele yako. Tumelisugua jana mpaka linaonyesha uso.

Changamoto

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utuvumilie, kwa kuwa tumezoea kuandika changamoto kwa namba na hii imekataa kuandikika hivyo.

Mwaka jana ofisi yako ilituletea barua. Hospitali ilikuwa inaadhimisha kuanzishwa kwake, na kungekuwa na mbio za kilomita kumi baina ya idara. Watakaoshinda watapewa kombe, na idara yao itafanyiwa ukarabati mmoja wa kuchagua. Sisi tulijua tutakachochagua kabla barua haijamaliza kusomwa: feni ya kutoa joto, ambayo imekufa siku nyingi. Tatizo lilikuwa tarehe. Iliangukia wiki ya pili baada ya nusu marathoni. Wiki nyeupe.

Tulikutana chumba cha kuchambulia nguo, tumeketi juu ya mafurushi. Dada Polepole alikunja suruali akabonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba.

"Hapa," alisema. "Nikibonyeza naona nyota. Toka mbio za Juni."

"Lakini ni kilomita kumi tu, Dada," mwenyekiti wetu alimwambia. "Juzi si umekimbia ishirini na moja?"

"Ndiyo maana."

"Wanahesabu watatu wa kwanza wa kila idara," mwingine akadakia. "Ukikaa wewe, kombe limekwenda jikoni hilo. Na feni nayo."

Fundi wa mashine alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Hakutazama mtu. Ikafuata mingine, ikawa kumi na minne. Hatukumwambia neno baya, hatukumtisha. Tulimwangalia tu, na tulimwangalia muda mrefu. Mwishowe akainua wake. Kisha akachukua kalamu, maana sisi wengine tunaandika kama kuku, akaandika mwenyewe kwenye mraba mtupu: *Mbio za idara.*

Siku yenyewe unaikumbuka, ulikuwa kwenye jukwaa. Wawili wetu walishafika. Tulikuwa tukimsubiri wa tatu, na mita mia mbili kabla ya utepe tukamwona ameshika ukuta. Mpishi mmoja alikuwa nyuma yake hatua chache. Nasi tulipiga kelele, mgeni rasmi, sauti zikatukauka: "Jikaze kisabuni, Dada! Jikaze!" Akauacha ukuta, akajikaza. Waliokuwa karibu wanasema waliusikia mfupa. Hatua za mwisho alizimaliza kwa magoti na viganja, akampita mpishi aliyekuwa amemtangulia kidogo kisha akasimama akitaka kumsaidia. Tukashinda kwa nukta moja. Tukarukaruka. Ile picha iliyopigwa pale inatuonyesha tumelibeba kombe juu kwa mikono yote, na yeye ameketi chini kwenye vumbi. Hakuna aliyembeba yeye.

Daktari wa mifupa alituambia ufa ulikuwapo toka Juni, na kwamba mapumziko peke yake yangeuunga. Aliyasema kwa upole huku akinawa mikono. Heri angetukaripia.

Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile. Amepasuliwa mara mbili, ana chuma mguuni na magongo mawili. Marathoni ya Novemba hakuikimbia, wala sisi hatukuikimbia. Tulivaa viatu siku ile, tukakaa, tukavivua. Wiki iliyopita alipata barua kwamba mwisho wa mwezi kazi yake inakoma, kwa kuwa mpiga pasi hana budi kusimama kwa saa nane. Siku hiyo hiyo tuligawiwa kalenda mpya ya hospitali. Picha ya jalada ni ile ile. Na mbio za idara zimewekwa wiki ile ile.

Maombi

Tulikuwa na maombi matatu. La kwanza lilikuwa feni, ambayo haijaja bado. Ombi hilo tunaliondoa. Joto tumelizoea.

La pili. Kwenye kona ile kuna cherehani. Mshonaji wetu alistaafu mwaka juzi na hakuletwa mwingine, na mashuka yaliyochanika yamejaa kabati mbili. Kazi ile hufanywa kwa kukaa. Tunaomba apewe Dada Polepole. Kama unataka kuuona mkono wake, geuka utazame shuka ukutani. Amelichora akiwa ameketi, sisi tukimshikia pembe. Alipofika kwenye wiki zile mbili za Juni hakuziacha tupu kama zamani. Amezishonea kipande cha taulo, mishono midogo midogo, maana kwenye taulo wino hausomeki.

La tatu, tunaomba mbio za idara zisogezwe hadi Septemba. Ikishindikana, zifanyike bila sisi, na kombe hili urudi nalo leo. Ndiyo maana tumelisugua.

Yeye mwenyewe haya hatukumsomea. Alituagiza tuombe feni, na sasa hivi anatukazia macho kutoka kule nyuma.

Hitimisho

Ulipoingia, tulisimama sote isipokuwa mmoja. Tulimwona msaidizi wako akiandika kitu. Tunaomba akifute. Na sasa utakapoondoka tutasimama tena, na yule mmoja atabaki ameketi tena karibu na cherehani. Si kwa kukosa adabu, na kosa si lake.

Mungu akupe afya, akufikishe nyumbani kwa miguu yako miwili, na akuongoze katika kuamua.

Ni sisi, Wakimbiaji wa Chumba cha Kufulia: kumi na wanne tulioinua mikono, na mmoja tuliyemwangalia mpaka akainua wake.