Isale Halishiki Mtoto

Wamama wenzangu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha maombi ameniomba nizungumze nikitabasamu, ili wageni wasiondoke na huzuni. Nimemwambia, dada, leo sikuja na tabasamu. Nitasema yaliyonipata, na majina ya watu nitayaacha huko huko yaliko.

Nilikuwa kidato cha tatu, sekondari ya kata kule kwetu Mwika, walipokuja wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha mjini. Hawakuja na hotuba. Walipanga meza uwanjani, wakamwaga nati, nyaya, koleo na vipande vya baiskeli, wakatuambia tushike. Wavulana wakazizingira meza kama kawaida yao. Dada mmoja wa chuo, kavaa ovaroli, akanivuta mkono.

"Mdogo wangu, hapa hakuna kutazama. Fungua hiyo gia."

"Nikiiharibu je?"

"Utaitengeneza. Kwani ukiunguza ndizi unahama nyumba?"

Wakawa wanarudi Jumamosi. Kwa baiskeli mbovu na visu vya chuma, nikatengeneza mashine ya kukatia migomba na majani ya ng'ombe. Kazi hiyo mnaijua. Mama yangu alikuwa anashuka tambarare kufuata majani, anapanda nayo kichwani, akifika anashika panga kukatakata mgomba mpaka vidole vinakufa ganzi. Siku alipokanyaga pedali akaona vipande vinaruka, alisema "Yesu wangu!", akakaa chini palepale akacheka. Shule ikanichagua niipeleke kwenye maonyesho mjini. Yule dada akaniambia nikifaulu kidato cha nne, nafasi chuoni kwao ipo.

Ndipo shuleni tukapimwa mimba.

Ndugu zangu, nawaambia, sikupigwa. Nilitazamwa tu, tangu ofisini mpaka getini. Nyumbani baba hakuuliza mhusika ni nani. Aliamua mwenyewe kwamba ni wale vijana wa chuo na Jumamosi zao. "Hili dude ndilo lililokuletea mimba," akasema, akalipakia kwenye toroli, akaenda kuliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kisha akanionyesha njia. Aliyenipa mimba hajui hata bisibisi inashikwa upande gani! Yuko pale pale kijijini, anaimba kwaya mpaka leo. Yeye hakuna aliyempima.

Nikashuka Mabogini kwa mwanamke aliyekuwa akituuzia mchele. Nikawa kibarua wa mpunga, matope magotini, mtoto mgongoni, homa za malaria zikimwandama. Siku moja nikasikia kelele za watoto shule ya msingi ya jirani, nikaenda kuchungulia. Ni zile meza! Wanafunzi walikuwa wapya, lakini yule dada alikuwepo, sasa ni mwalimu wa chuo. Akaniona mlangoni, akasema kwa heshima kabisa, "Karibu mama. Wewe ni mzazi wa nani hapa?"

Mama! Hata miaka ishirini sijafika.

"Wa huyu," nikajibu, nikageuka aone mgongo wangu.

Alinitambua. Hakulia, na kwa hilo namshukuru. Akaniambia chuo kina darasa la waliokatishwa masomo na ada inalipwa na wafadhili, lakini karakana ina mashine za kuchomelea, mtoto haruhusiwi kuingia. "Tafuta wa kumshika."

Wa kumshika! Mwenyeji wangu naye alishinda shambani. Mama yangu alikuwa amekatazwa hata kutaja jina langu. Muhula ukaanza mimi niko mpungani. Ukaanza na mwingine.

Kisha baba mdogo akaja na isale. Kwa wageni: isale ni lile jani refu mnaloliona mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Mchagga akikuletea isale kuomba radhi, hukatai. Ukikataa, laana ni yako. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anapata kipaimara, na wazee walikuwa wamemwambia baba kwamba hawali nyama kwenye nyumba iliyofukuza binti. Kwa hiyo kilichonikumbuka ni sherehe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Baba yako anaomba yaishe. Shika hili, tupande nyumbani."

"Na nikienda chuo, mwanangu atashikwa na nani?"

"Wewe mtoto! Isale halijadiliwi."

"Isale halishiki mtoto, baba mdogo. Mama akae na mjukuu wake mpaka nimalize. Hapo nitalipokea."

"Unalipangia isale bei? Kama nyanya?"

"Nyanya zingeoza. Mimi nasubiri."

Akakaa juu ya ndoo, akampigia baba simu. Wakazungumza Kichagga, kwanza chini chini, halafu kwa kelele. Niliogopa, siwafichi. Angeinuka akaondoka na jani lake, ningebaki na laana na chuo nisikione. Akakata simu, akanitazama.

"Amesema mlete mtoto. Na amesema una kichwa cha ng'ombe dume."

Nikalipokea.

Mngependa niseme hapo ndipo nilipopona. Sijapona. Baba hajawahi kusema neno juu ya ile mashine, na mimi siruhusiwi kulidai, isale limenifunga mdomo. Mama bado anashuka kufuata majani, sasa na mjukuu mgongoni. Mimi niko chuo, nachomelea, na Jumamosi nafuatana na wenzangu mashuleni. Nawashikisha wasichana koleo huku najua wapo ambao hawatafika popote, na sina cha kuwaahidi. Juzi nilipanda nyumbani. Mwanangu akajificha nyuma ya gauni la mama yangu, akauliza, "Bibi, huyu dada ni nani?"

Namshukuru mama yangu. Namshukuru yule mwalimu. Namshukuru baba mdogo, maana angeweza kuinuka, akakaa akapiga simu. Baba nimemsamehe kwa desturi. Kwa moyo bado.

Na wewe mama mwenye binti aliyezalia nyumbani, usije hapa kumwombea tu. Pole anazo za kutosha, hazimwogeshi mtoto. Kesho asubuhi nyoosha mikono yako miwili, umwambie: mlete huyo, wewe nenda.