Laurian, Aliyechemsha Sindano Mara Sita

Leo, tarehe 30 Juni 1999, Bwana Laurian Gaspari anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika zahanati yetu hapa Biharamulo. Alitufikia mwaka 1972 kutoka Keza, akiwa na baiskeli isiyo na breki na cheti cha uhudumu kilichokunjwa mara nne.

Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda, kuchanja watoto na kuchemsha sindano. Zile za kioo, wenzangu wa zamani, mnazikumbuka? Akishazima jiko, aliliwasha tena azichemshe upya. Jioni alirudi kupapasa kufuli la mlango wa zahanati mpaka mkewe, Jovina, aje kumchukua. Tulicheka sana siku zile, na yeye akicheka nasi.

Vita vya Kagera vilipokuja, mafuta ya taa ya jiko letu yakaadimika na utani ukaisha. Siku moja ya chanjo, mwaka 1979, Laurian alichemsha sindano zilezile mara sita. Mafuta yakaisha kabla ya kuchemsha za kutosha, akina mama wengi wakarudi na watoto wao bila chanjo. Mwenyekiti wa kijiji akasema hiyo ni hujuma. Mimi, msimamizi wake, niliandika barua wilayani kuomba afukuzwe. Sikulazimishwa na mtu.

Daktari aliyetumwa kutoka wilayani alimsikiliza kwanza. Laurian alimwambia anajua fika kwamba sindano ni safi, ila kichwa hakimwachi: kinamwambia mtoto atakufa kwa mikono yake. Daktari akatuambia hayo ni maradhi, si hujuma wala kurogwa. Siku hizi wataalamu wanasema huenda sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuonya kuna kosa, haielewani vizuri na sehemu za ndani zinazopaswa kulituliza onyo. Basi onyo linaendelea, kama mgeni anayebisha hodi hata akishakaribishwa.

Dawa ya daktari ilikuwa ngumu: achemshe mara moja kwa kufuata saa, kisha avumilie hofu mpaka ipungue. Mimi nikapangiwa kukaa naye. Alitokwa jasho, siku nyingine alilia, lakini jiko hakuliwasha tena. Kazi yake ikapona. Watoto aliowachanja sasa wanatuletea wa kwao.

Juzi nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, nikakiri kwake pia habari ya barua. Kumbe aliiona mezani mbele ya daktari siku ileile aliyosikilizwa, akautambua mwandiko wangu. Miaka ishirini tumekunywa chai pamoja, hajanigusia.

Ahsante, Laurian. Sote tunakuombea siku ndefu na tulivu huko Keza, wewe na Jovina. Nami, Melania, naongeza neno nililochelewa kulisema: nisamehe.