Ngu Sie Kiong na Madirisha Matatu ya Duka la Hok Seng

Mzee wetu Ngu Sie Kiong alizaliwa tarehe 4 Machi 1946 katika mji wa Tanjung Selui, Sarawak, ghorofani juu ya duka la Hok Seng, kwenye chumba cha dirisha la katikati. Wazazi wake walikuwa marehemu Ngu Tiing Huat na marehemu Bi Lau Moi Kiew. Kabla hajaoshwa, mkunga alimwinua dirishani auone mto. Ndivyo walivyofanyiwa wote waliozaliwa katika nyumba hiyo.

Duka hilo lilimlea, na maisha yake hayasimuliki bila kulitaja. Lilijengwa na babu yake mwaka 1931, katika safu ya maduka inayotazama mto. Nguzo zake ni za belian, mti mgumu unaokunja misumari, na vigae vya paa ni vya mti huohuo, vimegeuka rangi ya fedha kwa mvua za miaka. Chini ilikuwa biashara, juu makazi. Katikati paa liliachwa wazi, mwanga na mvua vishuke hadi ndani. Mbele, ghorofa ilitokeza juu ya baraza la wapita njia, na wakulima walioleta pilipili manga kutoka juu ya mto walilala hapo bila kuulizwa. Wasiojua kusoma ubao wa duka walilitambua kwa madirisha yake matatu ya mbao.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa hapa mjini, kisha sekondari mjini Sibu. Aliacha masomo mwaka 1962, akiwa kidato cha tatu, baba yake alipopooza. Alirudi nyuma ya kaunta akiwa bado amevaa sare ya shule, na wateja wakamwita Mwanafunzi hadi alipoota mvi.

Tarehe 18 Septemba 1971 alifunga ndoa na Bi Tiong Siew Eng katika kanisa la Methodisti. Siku ya posa, Bi Siew Eng aliuliza jambo moja tu.

"Chumba chetu kitakuwa na dirisha?"

"La katikati ni la Mama. Sisi tutapata la kushoto."

"Basi nitakuja."

Mungu aliwajalia watoto watatu.

Katika kazi alikuwa mwaminifu. Mizani yake haikuwahi kulalamikiwa. Alinunua pilipili na mpira, akauza chumvi, kamba na samaki wakavu, mpaka daraja lilipojengwa na mashua zikaacha kutia nanga mbele ya duka.

Yanayofuata aliagiza mwenyewe yasomwe. Alimwambia mkewe, "Mama Leng, msinipake sukari siku ya kunizika. Mkiruka habari ya madirisha, nitaamka niisome mwenyewe."

Mwaka 2006, kama wafanyabiashara wengi wa miji yetu, alishawishika kufuga mbayuwayu wa viota vinavyoliwa. Ndege hao hutaka giza. Alimhamisha mama yake, mwenye umri wa miaka themanini na minne, akamlaza stoo ya nyuma kati ya magunia ya chumvi. Akaziba madirisha yote matatu kwa matofali. Akafunika uwazi wa paa. Mbao za madirisha, zilizorandwa na babu yake, alizipasua ziwe vibao vya ndege kujengea. Kisha akaweka spika juu ya paa, iite mbayuwayu kutwa kucha.

Ndege hawakuja.

Jirani yake, kinyozi Sahari bin Jol, alimwita kutoka barazani kwa jina wanaloitwa wenye maduka. "Tauke! Ndege wako wanaimba wimbo mmoja tangu mwaka jana. Huna kanda nyingine?"

"Subiri. Wameshaanza kuingia."

"Wanaingilia wapi? Mbona hata mimi siuoni mlango?"

Marehemu aliona aibu, na aibu ikazaa uongo. Alinunua viota mji mwingine, akavipanga katika chupa ya kioo juu ya kaunta, akawaambia watu vimetoka ghorofani. Mwaka Mpya wa Kichina ulipofika, akawapikia wageni supu ya viota hivyo. Mama yake alikunywa polepole, akaweka kijiko.

"Tamu. Umevinunua wapi?"

"Vya hapo juu, Mama."

"Kiong, mimi ndiye ninayelala chini yao. Spika naisikia. Mabawa sijayasikia."

Bi Siew Eng aliinuka kwenda kuleta wali, na wali ulikuwa tayari mezani.

Hata hapo hakufungua. Kubomoa matofali kulikuwa sawa na kuitangazia safu nzima kwamba alidanganya. Mama yake alimwomba amrudishe juu, akamjibu, mvua zikipita. Zikaja nyingine. Katika siku zake za mwisho Bi Moi Kiew alizoea kuuliza, "Mto umejaa?" na mwanawe akalazimika kutoka nje kuutazama, arudi kumwambia. Bibi huyo alifariki stooni tarehe 11 Juni 2009, mto ukiwa hatua chache tu kutoka kitandani pake.

Jumamosi baada ya mazishi, mchana wa soko, marehemu alichukua nyundo akabomoa dirisha la kushoto na la kulia. Watu walijaa barabarani. Mteja wa Sahari alitoka na ndevu upande mmoja. Marehemu alitoa kichwa kwenye tundu, uso mweupe kwa vumbi.

"Hakuingia hata ndege mmoja!" alisema. "Hata mmoja!"

Hakuna aliyecheka.

"Tulijua, Tauke," Sahari alimjibu. "Tulikuwa tunakungoja."

La katikati hakuligusa. "Mwenye nalo aliniomba nikamnyima," alisema. "Si mimi wa kulifungua." Chumba hicho kilibaki gizani miaka yote.

Mwaka 2023 alianza kuugua moyo, akalazwa mara kadhaa, akaomba arudishwe nyumbani. Sahari alimuuliza kando ya kitanda, "Lile dirisha alifungue nani, basi?"

"Yeyote niliyemkosea."

Alifariki Jumamosi tarehe 2 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na minane.

Jana alasiri Sahari alipanda ngazi na nyundo. "Mimi amenikosea," alimwambia Bi Siew Eng. "Kelele za ndege wake bado zimo masikioni." Akabomoa tofali baada ya tofali, akilia. Mwanga ulipoingia, watoto wa marehemu walimbeba baba yao hadi chumba alichozaliwa, wakamwinua kidogo mabega, uso ukielekea mto. Mto ulikuwa umejaa.

Ameacha mjane, Bi Tiong Siew Eng, watoto, Hui Leng, Hui Sing na Chiong Ming, wajukuu watano, na jirani mmoja, Sahari bin Jol, ambaye familia imeomba atajwe hapa.

Madirisha yote matatu yako wazi. Apumzike sasa kwa amani, karibu na mama yake.