Ruhusa ya Marehemu

Kijiwe cha Ilomba kina benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka lililofungwa, na asubuhi za baridi watu hugombania upande wa jua. Kahawa ni ya mzee Isihaka, ambaye babu yake aliletwa na biashara kutoka pwani, na mpaka leo ukungu ukishuka huilaumu Mbeya nzima kama mtu aliyefika jana. Wateja wake wa kudumu ni watatu. Liberatus aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo, basi anaitwa Jaji. Obeid wa bodaboda anaitwa Redio, kwa kuwa hazimiki. Wa tatu ni Sosthenes fundi seremala, anayeitwa Sawasawa, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Hajawahi kumkatalia mtu. Ukiazima msumeno wake, sawa. Ukimrudishia hauna meno, sawa vilevile.

Siku hiyo Sawasawa alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Bupe, binti yake wa miaka kumi na sita, alimaliza kidato cha nne akaenda kumsalimia shangazi yake Rujewa, na huko akaonwa na Silvester mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Baba mdogo wa Silvester akapiga simu kuleta posa. Mtu mwenyewe ana sauti ya heshima mno, na Sawasawa akajikuta amesema neno lake lilelile. Mkewe Severina alipopata habari hakugomba. Alisema tu kwamba mtoto anataka kusomea uuguzi chuo cha Tosamaganga, kisha akaendelea kumenya ndizi. Kimya kile kilimnyima Sawasawa usingizi. Sasa alitaka benchi limtafutie mlango wa kutokea bila kumwaibisha mtu, akauliza sheria inasemaje.

— Sheria ya ndoa iko wazi, akasema Jaji. Mvulana kumi na nane. Msichana kumi na tano, mradi baba aridhie.

— Mahakama si ilishasema hiyo haifai? akauliza Isihaka.

— Ilisema, mpaka ya rufani. Kitabu ndicho bado hakijarekebishwa.

Isihaka akataka kujua kwa nini mvulana aambiwe asubiri zaidi. Akajijibu mwenyewe kuwa waliotunga walikuwa wanaume, walijijua akili inavyowachelewa, ila kwa mtu kama Redio walitakiwa waandike hamsini. Redio hakununa. Alikuwa na nadharia yake.

— Tatizo sheria ilitungwa Dar, kwenye joto. Huku kwetu baridi inachelewesha. Ndizi ya Dar inaiva siku mbili, ya hapa wiki. Kumi na sita ya Ilomba ni kumi na mbili ya Dar.

— Na ya Rujewa? akauliza Isihaka.

— Rujewa bondeni, jua kali. Kule ni kama kumi na nane. Ndo maana wanamtaka aende kwao. Akishavuka Chimala pale njiani tu, keshakuwa mtu mzima.

— Kwa hiyo akirudi kusalimia anakuwa mtoto tena.

— Anarudi kabisa. Na ndoa inavunjika palepale stendi.

Hata Jaji alicheka. Sawasawa peke yake hakucheka, maana ndiye mwenye binti. Aliuliza polepole kama mama naye hana neno.

— Neno la mama halihesabiwi baba akiwepo, akasema Jaji. Baba akifa, ndipo ruhusa inahamia kwa mama. Ndivyo ilivyoandikwa.

Ghafla akakitazama kikombe chake kama kuna kitu kimetumbukia. Kabla hajaulizwa, bajaji ikasimama mbele yao. Akashuka mzee mmoja mwenye koti zito na mfuko wa mchele begani, akawasalimu kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine.

— Poleni na msiba, wazee wangu. Mimi ni Yotamu, natoka Rujewa. Naomba mnielekeze kwa marehemu Sosthenes, fundi seremala. Sioni turubai.

Redio, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina, akazimika. Sawasawa aliijua sauti ile tangu neno la kwanza. Ilikuwa ile ya kwenye simu.

Mzee Yotamu akaeleza. Alipiga simu tena, akapokea mama Bupe. Akaambiwa baba Bupe amefariki na wameshazika, kwa hiyo mwenye ruhusa sasa ni yeye mama, na yeye hamtoi mtoto.

Jaji akamwinamia Sawasawa sikioni.

— Mkeo aliniuliza juzi bombani. Ruhusa ya mama inaanza lini. Nami nikamjibu. Nimekaa barazani miaka yote ile, sijaona mtu aliyekibana kitabu namna hii.

Sawasawa alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni, kisha nyuma yake ikaja fahari, kubwa kuliko aibu. Mwanamke aliyekula naye miaka yote alikuwa ameitazama sheria yote, akaona kizuizi ni kimoja tu, mumewe, akakiondoa bila kumgusa hata unywele.

— Sasa nina swali moja, wazee, akaendelea Yotamu. Siwezi kumkabili mjane na uchungu wake. Kwenye simu marehemu alisema sawa. Nyumbani wanasema labda mama ni machozi tu, tusubiri, tuje kwa ukoo. Ninyi mliokaa naye, mwenyewe alitaka nini? Binti aolewe au asome?

Jaji akamtazama Isihaka. Isihaka akatazama birika. Walikuwa wamekunywa kahawa na mtu huyu miaka na miaka, wakaazima kila kitu chake, na hakuna aliyewahi kusikia anataka nini. Sawasawa akaona hilo katika nyuso zao, likamuuma kuliko kuzikwa.

Akasimama.

— Marehemu alikataa, akasema. Alisema sawa kwa kukuonea haya wewe. Ila nilikuwa naye mpaka mwisho. Alitaka Bupe asome. Na ukoo wake mkiufuata, mtakuwa mmevunja wosia.

Mzee Yotamu alimwangalia usoni. Alikuwa mtu mzima, mwenye masikio.

— Sauti yako kama naijua, ndugu.

— Tulifanana sana.

— Basi wosia ni wosia. Tutauheshimu. Mchele huu mfikishie mama, mwambie Rujewa wanampa pole, na heshima yake ameipata.

Akamwekea mfuko mikononi, akapanda bajaji yake. Isihaka akainua birika ampe Sawasawa kahawa ya moto; likatoa matone mawili, likaisha. Redio ndiye aliyezinduka kwanza, akasema kwa vile mambo yamekwisha salama, basi Sawasawa amwazime msumeno jioni.

— Hapana, akasema Sosthenes.

Lilitoka kwa urahisi kuliko alivyotegemea. Akajitwika mchele, akaenda nyumbani. Severina alikuwa uani, akauona mfuko kabla ya kumwona mtu.

— Umetoka wapi huo?

— Msibani.

— Kwa nani?

— Sawasawa. Tumemzika.

Severina akaupokea mfuko, akamwita Bupe, wakaenda kubandika maji ya wali.