Anselmo Gaspar na Maneno ya Mlango (1909–1954)

Anselmo Gaspar alizaliwa tarehe 14 Machi 1909 karibu na Masasi, mtoto wa tatu wa mzee Gaspar na mama Demetria. Alisoma shule ya misheni hadi 1925. Walimu wake walimsifu kwa sauti yake. Kwa mengine walinyamaza.

Mwaka 1928 alifika Dar es Salaam, akawa karani katika ghala la katani. Mwaka 1932 alifunga ndoa na Filomena, wakakaa Temeke.

Pasaka ya 1938 alitunga na kuigiza mchezo ambao leo hata jina lake limesahauliwa. Yamebaki maneno ya mlango. Mume aliyerudi kutoka safari ndefu anasimama jukwaani peke yake, anauambia mlango wa nyumba yake: "Ewe mlango, mikono hii imebeba dunia, yashindwaje na komeo lako?" Mji mzima uliyashika. Askari waliokwenda vita vya Mjapani waliyapeleka hadi Bama. Mombasa na Tabora yanasemwa na watu wasiomjua mtunzi. Arusini, kila bwana arusi alipozuiwa mlangoni na wanawake wa upande wa bibi, marehemu aliitwa ayaseme, na mlango ukafunguliwa. Wakasema hayo ndiyo mapenzi. Hawakujiuliza kwa nini mume yule habishi hodi. Mwishoni anasema, "Heri ningojwe kuliko nifike," anageuka, anakwenda zake. Ni maneno ya mwoga, na watu wazima waliyashangilia miaka kumi na sita.

Filomena aliyaelewa mwaka 1941, binti yao Rosalia alipougua surua. Jirani yake, Mwanaasha, aliingia ndani akamwambia:

"Shoga, mumeo kasimama nje kama mlingoti."

"Mwambie aingie, mtoto anamwita."

"Nimemwambia. Ati anavuta pumzi kwanza."

Filomena alipotoka, baraza lilikuwa tupu. Alasiri ile Rosalia alifariki. Baba yake alikuwa Kinondoni, arusini, akipigiwa vigelegele.

Marehemu aliugua kifua tangu mwaka jana, akafariki nyumbani tarehe 9 Juni 1954. Filomena alimuuguza muda wote, na kila alipoitwa aliingia.

Jana Shomari, kiongozi wa kikundi cha michezo, alimjia mjane pamoja na wenzake.

"Shemeji, tunaomba kaburini tuyaseme maneno ya mlango. Watu wametoka mpaka Mbweni kuyasikia."

"Semeni. Lakini yote."

"Aa, shemeji, ule mwisho msibani haupendezi."

"Nani kati yenu anaujua?"

Shomari akawauliza wenzake mmoja mmoja; hakuna aliyeujua.

"Basi nitausema mie."

Kwa hiyo wasifu huu ukiisha, Filomena atayasema maneno yale hadi mume anapogeuka. Mwenye vigelegele apige sasa.

Marehemu ameacha mjane. Mtoto mmoja, Marselino. Na shemeji, Albano, aliyepewa kazi ya kusoma haya. Mungu ampokee, amshike mkono, amwingize mwenyewe.