Programu Iliyokwama Mlimani

Akina mama, naomba nisimame. Habari hii nimeisema nikiinamisha kichwa kwa muda mrefu. Leo siinami.

Mnajua kazi yangu ni kutengeneza programu za simu hapa Kerugoya. Moja niliwatengenezea wahudumu wa afya wa vijijini: mama akishikwa na uchungu, mhudumu anabonyeza, gari la wagonjwa linakuja. Ofisini tuliijaribu, nikapigiwa makofi.

Kisha asubuhi moja, juu mlimani Kianyaga, mhudumu mmoja akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Akabonyeza tena, kikazunguka tu. Mama yule akabebwa kwa blanketi hadi barabarani, damu ikimtoka. Alipona, yeye na mtoto, lakini si kwa sababu yangu.

Walionipa kazi wakanifukuza. Mkubwa wao akasema, "Shida ni huko mlimani. Nenda Nairobi, utengenezee watu walio na mtandao."

Ndugu zangu, nawaambia, nilimwamini! Nikafungia kompyuta kabatini, nikaenda kuchuma chai ya mama yangu. Miezi saba.

Yule mhudumu akanifuata shambani. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Pole yako sina kazi nayo. Niko na akina mama wanne wanakaribia kujifungua. Na wewe ati unachuma chai? Chukua simu, tutembee."

Tulitembea siku tatu. Hapa mtandao uko. Ukishuka mtoni umepotea. Karibu na kanisa unarudi kidogo. Nikaona aibu, halafu nikaona hasira. Mlima haukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeunda kitu cha kutumiwa mezani ofisini.

Nikaanza upya. Sasa programu inaandika kila kitu ndani ya simu kwanza. Mtandao ukiwa na nguvu, inatuma yote, hata picha. Ukilegea, inaacha picha, inatuma maneno machache. Data ikikatika, inatumia ujumbe mfupi wa kawaida. Na ujumbe usipofika, inasema wazi: "Haujafika, tafuta njia nyingine." Haimdanganyi mtu.

Wa kwanza kati ya wale wanne alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Yalifika maneno sita tu. Gari likaja.

Walionifukuza wamenipigia, wanaitaka programu hii. Nimewaambia waje Kianyaga, tuzungumzie kule chini mtoni.

Asante mama yangu, hukuniuliza hata siku moja nitarudi lini kazini. Asante mhudumu, najua hupendi kutajwa. Na ninyi mlioniombea bila kuelewa naombewa nini, asanteni.

Mtu akikuambia watu wako wanaishi mahali pasipofaa kwa kazi yako, usihame. Mwambie kazi ndiyo haijaisha.